Neno la Mhariri: Filamu Ishuke Bondeni

Filamu ya mabadiliko ya tabianchi ikifika Kampala, aghalabu huonyeshwa kwenye kumbi za vituo vya utamaduni kama vile vya Mtaa wa Bukoto, hapa Kamwokya: viti vizuri, maandishi ya Kiingereza chini ya picha, mjadala, kisha vitafunwa. Bondeni, mwendo mfupi kwa miguu, mvua ikinyesha Kololo maji huteremka na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, huziba mitaro, huingia vyumbani. Wanaojadili mafuriko na wanaokumbwa na maji hawaketi ukumbi mmoja.

Filamu nzuri zipo. Kisilu Musya, mkulima wa Kitui nchini Kenya, alishika kamera mwenyewe akarekodi ukame, mafuriko na dhoruba iliyoezua paa la nyumba yake, hadi safari yake ya mkutano wa Paris wa 2015. *Thank You for the Rain* (2017) inamshika mtazamaji kwa sababu mwenye shida ndiye mpiga picha. Lakini ni wangapi wa Kamwokya wameiona? Sisi tumezoea kuonyeshwa dubu wa barafuni, ilhali jaa la taka la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, likaua watu zaidi ya thelathini.

Na bondeni sinema ipo, tena kila siku. Kibanda cha mbao na mabati, mabenchi, televisheni moja, ubao wa chaki mlangoni unaotangaza mechi na filamu ya saa mbili usiku. Mvua ikigonga mabati, mwenye kibanda huongeza sauti. Sauti inayosikika juu ya mvua ni ya VJ, anayeisimulia filamu ya kigeni kwa Kiganda huku akitania, akiwapa wahusika majina ya mitaani na kuwaonya kabla hawajapigwa risasi. VJ Jingo amejijengea jina kubwa Uganda kwa kazi hii, kama DJ Afro Kenya na marehemu Lufufu Tanzania. Hakuna mtaalamu wa mawasiliano mwenye hadhira ya namna hiyo.

Tukimpa VJ filamu za tabianchi azisimulie, wapo watakaosema ataufanya msiba kichekesho. Huenda. Lakini mtu wa kibandani hacheki kwa kuwa hajaelewa. Hucheka kwa kuwa anamjua kiongozi anayeahidi mtaro kila uchaguzi. Mimi naiogopa zaidi filamu inayomchosha mtazamaji kwa takwimu, mtu akatoka nje kutafuta chapati.

Kikwazo halisi ni haki na fedha. VJ wengi husimulia filamu bila idhini ya wenyewe, na filamu za mazingira hutengewa bajeti ya matamasha, si ya vibanda. Kwa hiyo tunawaomba watengenezaji wa filamu na wafadhili wanaosoma toleo hili: mnapopanga bajeti, wekeni fungu la VJ na la mwenye kibanda. Mpeni VJ idhini ya maandishi, nakala safi na malipo, na mmruhusu atanie. Onyesho la kwanza lifanyike bondeni, kabla ya msimu wa mvua wa Machi.