Kiingereza cha Habari na Uenezi

Husemwa na watu wenye elimu kubwa, tena kwa sauti ya huruma, kwamba kazi ya habari haiwezi kufundishwa chuoni kwa Kiswahili kwa sababu maneno yake ni ya Kiingereza. Hoja hii ni nyepesi, lakini madhara yake si mepesi. Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki somo la habari hufundishwa aghalabu kwa Kiingereza, na mwanafunzi huyakariri maneno yake kana kwamba yalishuka pamoja na mvua. Akishahitimu huenda kuandika au kutangaza kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ya wasikilizaji wake. Na hapo huanza kuyafasiri yale aliyoyakariri, neno kwa neno, bila kuuliza yalizaliwa wapi wala kwa haja ya nani.

Na iulizwe, basi, Kiingereza chenyewe kiliyapata wapi. Jina la gazeti lilitoka Venice, ambako inasadikiwa na wengi kwamba gazeta ilikuwa sarafu ndogo aliyoitoa mtu ili apate karatasi ya habari. London Gazette, lililoanza mwaka 1665 likiitwa Oxford Gazette kwa kuwa mfalme na watu wake walikuwa wameukimbia mji wa London kwa hofu ya tauni, lilivaa jina hilo la kigeni bila kuona haya. Neno «magazine» lilitoka katika Kiarabu, makhazin, yaani maghala, likapita Italia na Ufaransa. Na Edward Cave alipolitia juu ya chapisho lake mjini London mwaka 1731, alikusudia ghala la maandishi. Shina hilo hilo la Kiarabu ndilo lililokipa Kiswahili neno hazina. Mswahili anayeambiwa akaazime kwa Waingereza anatumwa kwa jirani kukopa kitu ambacho nduguye kimo kabatini mwake. Lugha iliyoazima kiasi hicho haiwezi kuletwa barazani kuwa ithibati kwamba lugha nyingine, kwa kuwa yaazima, haifai.

Lakini kuazima si kosa, wala si shida kuu. Shida ni kwamba sehemu moja ya msamiati huo, ile ya uenezi, iliundwa makusudi ili kazi inayotajwa isionekane sawasawa.

Mwaka 1622 Papa Gregori wa XV aliunda mjini Roma baraza la kueneza imani, na katika jina lake la Kilatini limo neno propaganda, maana yake yale yapasayo kuenezwa. Neno halikuwa na aibu yoyote. Lililolichafua ni vita vya 1914 hadi 1918, ambavyo kila serikali ilivipigana kwa karatasi kama ilivyovipigana kwa mizinga. Edward Bernays, aliyezaliwa Vienna mwaka 1891 na kukulia Marekani, aliitumikia kamati ya serikali ya Marekani iliyoeneza habari za vita hivyo. Vita vilipokwisha aliona kwamba kilichofaa vitani chafaa pia wakati wa amani. Na uzeeni mwake alieleza waziwazi kwamba alitafuta jina jingine la kazi ile ile, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa limeharibiwa na Wajerumani walipolitumia. Jina alilolichagua ndilo ambalo leo limefasiriwa kuwa uhusiano wa umma. Mwaka 1928 alijaribu hata kulisafisha la zamani kwa kukiita kitabu chake Propaganda. Halikusafika.

Jinsi uhusiano huo ulivyokuwa, yatosha kutazama siku ya Pasaka ya mwaka 1929. Kampuni ya American Tobacco ilitaka wanawake wavute sigara hadharani, jambo lililohesabiwa kuwa fedheha. Bernays, aliyekuwa akilipwa na kampuni hiyo, alipanga wasichana waonekane wakivuta katika matembezi ya Pasaka ya Fifth Avenue mjini New York, sigara zikiitwa mienge ya uhuru. Na katibu wake mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Magazeti yaliliandika jambo hilo kuwa habari ya haki za wanawake. Muuza tumbaku hakutajwa.

Sasa, uhusiano ni jambo la pande mbili: ndugu kwa ndugu, mkwe kwa mkwe, na kila upande wamjua mwenzake. Umma wa New York siku ile haukuhusiana na mtu, ulichezewa. Anayefasiri jina la Bernays kwa neno uhusiano hatafsiri maana, bali anaendeleza hila, na anaiendeleza bure, maana Bernays angalau alilipwa. Kiswahili kina neno uenezi, ambalo ndilo tafsiri ya Kilatini kile cha Roma iliyo karibu kuliko zote. Chama Cha Mapinduzi nchini Tanzania kina katibu wa Itikadi, Uenezi na Mafunzo, na hakuna mtu, mpinzani wala mfuasi, anayekosea kujua kazi yake ni nini. Kwa nini kampuni ya simu isiwe na afisa uenezi?

Yapo mabaya zaidi. Kampuni inaponunua ukurasa wa gazeti na kuujaza sifa zake katika sura ya habari, Kiingereza kina majina kadhaa ya kulainisha, na wafasiri wa Kiswahili wameleta neno kufadhili. Makala, wasema, imefadhiliwa. Lakini kufadhili kumetoka katika fadhila. Mfadhili ni mtu atendaye wema asiowiwa. Kwa tafsiri hiyo mnunuzi amekuwa mtenda wema, na msomaji aliyedanganywa amekuwa mwenye deni la shukrani! Redio nazo zimechukua neno kudhamini. Mdhamini ni mtu anayesimama mbele ya hakimu na kujifunga kwa ajili ya mwingine. Muuza sabuni aliyelipia nusu saa hakumdhamini mtu yeyote. Amenunua. Kununua ni kitenzi kinachojulikana na mtoto anayetumwa dukani.

Jina jingine la Kiingereza la hila hiyo, likifasiriwa neno kwa neno, ni tangazo la kienyeji. Hilo kwa bahati njema bado halijapata mfasiri.

Watetezi wa Kiingereza hujibu kwamba maneno hayo ni ya kitaalamu, na utaalamu hutaka usahihi. Na tupimwe usahihi huo, basi, kwa neno uzushi. Tangu mwaka 2016 dunia nzima imekariri maneno mawili ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili yamekuwa habari bandia. Ubandia ni sifa ya kitu, na kitu chaweza kuonekana bila kumwuliza aliyekifanya. Uzushi hauonekani bila mzushi. Sarufi yenyewe humwita aje ajibu: uzushi na mzushi, uchongezi na mchongezi, uenezi na mwenezi. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa lugha hii hujikuta akiuliza swali la kwanza la kazi yake, nani kasema, kabla mwalimu hajamfundisha. Ni usahihi upi mkubwa kuliko huo? Hata vyombo vya habari ni jina lililotulia. Chombo hupakia, na kila mtu wa pwani ajua kwamba chombo kina nahodha na kina mwenyewe, na kwamba hao wawili mara nyingi si mtu mmoja.

Hata hivyo haki itendeke. Pana mahali ambapo Kiingereza kimetenga na Kiswahili kimechanganya. Redio husoma habari ya kifo, na kukatika kwa maji, na dawa ya kuongeza nguvu, na yote matatu huitwa matangazo. Msikilizaji aliyetega sikio kwa ajili ya msiba wa jamaa yake husomewa dawa katika pumzi ile ile na chini ya jina lile lile. Kuongeza «ya biashara» nyuma ya neno ni kiraka, na katika maneno ya kila siku kiraka hicho hudondoka. Hapo ndipo BAKITA na vyuo wanapotakiwa kufanya kazi, badala ya kuhangaika na jina la nane la ukurasa ulionunuliwa. Sokoni kitenzi kipo: kunadi. Anayenadi husimama wazi, bidhaa mkononi, na hakuna apitaye asiyejua kwamba yule anauza. Tangazo na liachiwe msiba na maji. Sabuni na dawa zipewe unadi. Wenye redio huenda wasilipende neno hilo, kwa sababu ile ile inayolifanya lifae.