Tuliwapeleka vijana gerezani waogope. Nani alipima?

Kila panga zinapotembea Kisauni, pendekezo moja halikosi barazani: wachukueni hawa watoto mkawaonyeshe gereza, wataacha. Mimi mwenyewe niliwahi kulisema.

Nilipokuwa nasomea diploma ya ustawi wa jamii, wakati wa mafunzo ya nyanjani, tulijaza vijana matatu moja tukawapeleka kwa wafungwa. Walifokewa, wengine wakalia. Tukarudi tumeridhika. Niliandika ripoti, nikapata alama nzuri. Hakuna mwalimu aliyeniuliza vijana wale walikuwaje mwaka mmoja baadaye, na mimi sikujiuliza.

Kumbe jambo lile lilikuwa limeshapimwa. Marekani walilipenda sana, hasa baada ya filamu ya mwaka 1978 iliyoonyesha wafungwa wa gereza la Rahway, New Jersey, wakiwatisha vijana. Anthony Petrosino na wenzake walikusanya majaribio tisa ambayo vijana waligawanywa kama kwa kura: hawa waende, hawa wabaki. Mapitio yao yalitoka mwaka 2002. Waliopelekwa walirudia makosa zaidi kuliko walioachwa. Yaani afadhali tungelala.

Mmoja wa vijana wetu alikuja kufungwa. Siwezi kusema ni sisi tuliomponza, matatu moja si utafiti. Lakini mamake bado hunisalimia kwa heshima tukikutana sokoni Kongowea, na salamu ile hunichoma.

Eileen Gambrill alishawaambia wenzake wa fani hii tangu 1999 kwamba tumezoea kufuata kauli ya mkubwa badala ya ushahidi. Vyuo vingi vitadhani dawa ni kuongeza somo la takwimu. Sivyo. Mwanafunzi apewe kesi ya kijana halisi, aunde swali linalojibika, atafute nani amelipima na kwa njia gani, akae na familia asikie wanataka nini, kisha arudi baada ya miezi aone kilichotokea. Alama zitoke hapo pa kurudi.

Watasema hizo ni tafiti za Wazungu. Kweli, majaribio yote tisa ni ya Marekani. Basi tupime na sisi, lakini tusianze na lile ambalo kwingine limeumiza.

Jumamosi baada ya Isha kamati ya mtaa wetu inakutana. Nauli ya kwenda gerezani imo kwenye ajenda. Nitaenda, na nitaanza kwa kuwasimulia ile safari yetu.