Kanisa la Mbao Lianzie Mwaloni



Tunasoma katika kitabu cha Mwanzo kwamba Abrahamu alikaa penye mialoni ya Mamre. Kwetu Kigoma neno hilo hutupeleka Kibirizi na Katonga, kwenye mialo wanakoshusha dagaa na migebuka. Mwaloni wa Biblia ni mti mgumu, na huko Ulaya jamii yake imejengewa makanisa kwa karne nyingi. Sisi hatuna mti huo. Tuna mninga, na huko mwaloni wapo mafundi wanaojua kuunganisha mbao.

Tunayasema haya kwa kuwa parokia na vigango vyetu vinajenga. Mara nyingi kamati hupokea mchoro ulio tayari: zege, nondo, kenchi za chuma. Hatuvibezi vitu hivyo. Maoni yetu ni kwamba kabla ya kupitisha mchoro, tumwite pia fundi wa maboti. Anajua kuchagua mbao, kuipinda na kuifunga ili chombo kihimili mawimbi ya Tanganyika. Hata ukumbi wanamokaa waamini kanisani huitwa kwa Kilatini navis, yaani merikebu. Naye Bwana alifundisha umati akiwa ameketi katika chombo cha Simoni (Lk 5:3). Mhandisi apige hesabu ya uzito na upepo. Fundi aonyeshe namna ya kuunga.

Wapo watakaouliza: na mchwa je? Kiini cha mninga huwashinda mchwa. Kinacholiwa ni tabaka la nje, lililopauka. Basi tabaka hilo liondolewe, na nguzo zisimame juu ya msingi wa mawe, zisiguse udongo.

Swali zito zaidi ni la msitu. Mninga umekatwa sana, tena hukua polepole. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo, kichipukizi chake hukauka kila kiangazi huku mzizi ukiendelea kunenepa chini. Anayeupanda leo huenda asiuone ukipasuliwa. Kwa hiyo tunasema wazi: mbao zisizo na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu zisiingie kanisani, hata kama zimetolewa kama sadaka. Hatuwezi kusifu waraka Laudato Si' wa mwaka 2015 huku tukisali chini ya paa la magendo.

Kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, liliungua Aprili 2019, likafunguliwa tena Desemba 2024. Paa na mnara wake vilihitaji takriban mialoni 2,000. Ilipatikana Ufaransa kwenyewe, kwa sababu vizazi vilivyotangulia viliitunza misitu kwa ajili ya watu wasiowajua.

Hapo ndipo penye deni letu. Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji mwaka 1879. Leo tunavuna imani waliyoipanda wengine. Parokia inayotaka kanisa la mbao ianze na kitalu cha miche kwenye ardhi yake, na iandike katika kumbukumbu zake kwamba shamba hilo ni la paa la wajukuu. Nasi waseminari tuchukue majembe, mvua za Novemba zisitukute bado tunajadili mchoro.