Makombora ya rada na vita vya marubani wasioonana

USIKU wa kuamkia Mei 7, 2025, ndege za kivita za India na Pakistan zilikabiliana vikali huku, kwa mujibu wa ripoti, kila upande ukisalia katika anga yake. Pakistan ilidai kuangusha ndege tano. Mnamo Mei 31, mkuu wa majeshi ya India, Jenerali Anil Chauhan, alikiri akiwa Singapore kwamba nchi yake ilipoteza ndege, ingawa hakutaja idadi.

Zana iliyozungumziwa mno baada ya usiku huo ni PL-15, kombora la China linaloongozwa kwa rada, ambalo mabaki yake yaliokotwa katika ardhi ya India. Toleo linalouzwa nje hutangazwa kuwa na uwezo wa kufika kilomita 145. Kwa msomaji wa Kenya, huo ni umbali unaokaribia ule wa kutoka Nairobi hadi Nakuru.

Wengi walihitimisha upesi kwamba silaha za China zimezipiku zile za Magharibi. Hitimisho hilo lina haraka. Historia ya makombora haya yaonyesha kwamba umbali ulioandikwa katika karatasi za muuzaji si hoja kubwa kama vile ni nani anayeuona upande wa pili kwanza, na iwapo ana hakika anachokiona ni adui.

Marekani ilijifunza hayo kwa gharama kubwa nchini Vietnam. Kombora lake la Sparrow, lililoanza kutumika katika miaka ya 1950, liliaminiwa kiasi kwamba matoleo ya kwanza ya ndege ya Phantom yaliundwa bila mzinga. Hata hivyo, kati ya makombora kumi ya Sparrow yaliyofyatuliwa vitani humo, halikupatikana hata moja, kwa wastani, lililoangusha ndege.

Sababu zilikuwa nyingi. Kombora lilibuniwa kulenga ndege nzito za kudondosha mabomu zinazoruka juu na kwa mstari ulionyooka, wala si MiG ndogo inayojipinda. Vifaa vyake vya elektroniki viliharibiwa na unyevu na mitikisiko. Isitoshe, marubani mara nyingi walitakiwa kumtambua adui kwa macho kabla ya kufyatua, na kufikia hapo walikuwa wamekaribia mno.

Kulikuwa pia na udhaifu wa kimsingi. Sparrow halikuwa na rada yake lenyewe. Lilifuata mwangwi wa mawimbi yaliyotumwa na rada ya ndege. Rubani alikuwa mithili ya bawabu anayemmulika mwizi kwa kurunzi huku mbwa akimfukuza: akigeuka kuyanusuru maisha yake, mbwa hupotea njia.

Dawa ilikuwa kulipa kombora kurunzi yake. Phoenix, lililobebwa na ndege za F-14 kuanzia miaka ya 1970, lilitangulia, lakini lilikuwa zito na ghali. AMRAAM lilipoanza kutumika mwaka wa 1991, ndege ndogo nazo zilipata uwezo huo. Ndege hulielekeza kombora mwanzoni, kisha rada iliyo puani mwake huwashwa karibu na shabaha, na rubani huwa huru kugeuka. Desemba 27, 1992, F-16 ya Marekani ilitumia AMRAAM kuangusha MiG-25 ya Iraq, ushindi wa kwanza wa silaha hiyo.

Urusi ilijibu kwa R-77. Ulaya nayo ikaunda Meteor, lililoanza kutumiwa na jeshi la wanahewa la Uswidi mwaka wa 2016. Kombora la kawaida huteketeza mafuta yake kwa sekunde chache, kisha huserereka likipungukiwa na nguvu. Meteor hudhibiti injini yake na kubakisha nguvu za kumfukuza mlengwa anayetoroka.

Majirani zetu wa kaskazini nao wana funzo lao. Mwaka wa 1999, Su-27 za Ethiopia zilipambana na MiG-29 za Eritrea, zote za asili ya Kisovieti. Taarifa zilizotolewa baadaye zasema kuwa makombora ya rada aina ya R-27 yalikosa shabaha mara nyingi, na kazi ikafanywa zaidi na yale ya masafa mafupi yanayofuata joto la injini. Kununua ndege na makombora kulikuwa rahisi kuliko kupata rada za ardhini, ndege za uchunguzi na mawasiliano ya kuviunganisha vyote.

Lakini hata aliye na vyote hivyo hukosea. Aprili 14, 1994, marubani wawili wa F-15 za Marekani waliona alama mbili katika rada zao kaskazini mwa Iraq. Ndege ya uchunguzi ya Marekani ilikuwa angani, na wahudumu wake walikuwa na habari za helikopta za Marekani katika eneo hilo. Mitambo ya kutambuana haikutoa jibu sahihi kwa sababu helikopta hizo zilitumia nambari isiyofaa.

Marubani walikaribia, wakatazama kwa macho, wakadhani ni helikopta za Iraq. Moja iliangushwa kwa AMRAAM, nyingine kwa kombora la kufuata joto. Zilikuwa Black Hawk za jeshi lao wenyewe, na watu wote 26 waliokuwamo walifariki.

Marubani hao angalau walipita karibu na kutazama. Anayefyatua kombora kutoka kilomita 100 hana nafasi hiyo. Anategemea alama iliyo katika kioo na sauti ya mwenzake redioni. Sharti la kutambua kwa macho, ambalo marubani wa Vietnam walililalamikia kwamba liliwafunga mikono, haliwezi kutimizwa katika umbali huo.