Sweta Mwezi wa Pili

Mwezi wa pili, Dar es Salaam hakuna anayevaa sweta kwa kupenda. Msichana wa kidato cha pili aliyejifungua na kurudi shuleni hulivaa. Mtoto amemwacha kwa bibi tangu saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika kipindi cha nne maziwa yamejaa, yanauma, yanaanza kupenya shati jeupe. Hanyooshi mkono hata pale jibu analolijua limemfika mdomoni, maana akinyoosha mkono darasa zima litageuka kumtazama.

Kwenye karatasi, nafasi yake ipo. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukaliweka jambo hilo katika maandishi. Miaka minne kabla, Juni 2017, Rais John Magufuli alikuwa amesema hadharani huko Chalinze kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shule. Na hata kabla ya hapo, kanuni za mwaka 2002 zilitoa mwanya wa kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la kimaadili, na mimba ikawa inahesabiwa humo. Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha wasichana hao tangu 1994. Tanzania Bara ilichelewa, lakini ilifika.

Ila waraka huishia getini. Kutoka hapo mpaka kwenye dawati, anayempokea msichana ni mwalimu wa zamu, ni wenzake, ni mzazi wa mwanafunzi anayekaa naye benchi moja.

Tazama linavyotumika jina. Mtaani mwanamke akiitwa kwa jina la mwanawe amepewa heshima: Mama Juma hapitwi bila salamu, na dukani anakopeshwa. Darasani jina hilohilo hugeuka jiwe. Wavulana wa nyuma wanamwita msichana huyu "mama" akiingia, "mama" akichelewa, "mama" akikosea hesabu, na anayecheka si mwanafunzi peke yake. Jina lake la kwenye rejista linaanza kusahaulika, naye mwenyewe anaanza kukaa kando kama mgeni aliyesahau kuondoka. Huhitaji kumfukuza mtu wa namna hiyo. Siku moja hatakuja, na rejista itaandikwa mtoro.

Wapo wazazi wenye hofu kwamba kumrudisha ni kuwaambia mabinti wengine kuwa mimba haina neno. Hofu hiyo si ya kubezwa. Aliyelea binti anaijua. Lakini mabinti hao wanaona zaidi ya wanavyodhaniwa. Wanamwona mwenzao akisinzia kipindi cha kwanza kwa sababu mtoto alilia hadi saa tisa usiku, na wanajua kwamba alifua nepi kabla ya kugusa daftari. Hakuna kati yao anayeiona hiyo kuwa zawadi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba wasichana 22 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Hao ni majirani wa kila mtu. Na sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inamtaka mwanaume anayempa mwanafunzi mimba afungwe miaka 30, lakini mara ngapi shauri limemalizwa barazani, wazee wakapatana, msichana akabaki peke yake na aibu ya watu wawili?

Kwa hiyo wito huu unawahusu wananchi, kila mmoja pale alipo. Bodi ya shule itenge chumba kimoja, hata stoo ndogo yenye mlango unaofungika na kiti, ili bibi akimleta mtoto saa ya mapumziko mama yake amnyonyeshe bila kutazamwa. Mwalimu wa darasa amwite kwa jina lake kamili kila asubuhi na asiruhusu lingine, wala yeye asilicheke. Viongozi wa wanafunzi waambiwe wazi kwamba kumdhihaki ni kosa sawa na kumpiga. Vikundi vya akina mama vinavyokutana kila wiki kuweka na kukopa vina nguvu kuliko vinavyojijua: elimu bila ada iliyoanza 2016 iliondoa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne, haikuondoa nauli, sare wala uji wa mtoto, na hapo ndipo vikundi hivyo vinaweza kuchangia. Jirani mwenye nafasi ajitolee kumshika mtoto siku mbili kwa wiki, ili bibi naye aende shamba au gengeni.

Muda nao una mwisho. Utaratibu wa Serikali unampa msichana miaka miwili tangu alipoacha masomo kurudi katika shule ya kawaida, na wengi waliomo majumbani hawajawahi kuambiwa. Mkutano wa wazazi wa kwanza wa muhula huwa na ajenda zake: chakula, mitihani, michango, vyoo. Iongezwe moja: wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito. Majina yao yasisomwe mbele ya watu. Mkuu wa shule awape majina hayo kimyakimya akina mama wawili wanaoaminika mtaani. Waende jioni, bila mgambo na bila barua yenye mhuri, wapige hodi, wampakate mtoto kwanza, kisha wamuulize mama yake alikuwa amefikia mada gani.