Bomba la majitaka likishafukiwa, nani analiona?



Tukijadili miradi ya majitaka tunaishia kwenye zabuni: nani kala, nani kapewa chake. Sawa. Mimi nauliza, mtaro ulipokuwa wazi, nani alisimama pale kukagua?

Hapa London kipindupindu kiliua maelfu karne ya 19. Baada ya uvundo wa mto Thames mwaka 1858, Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mahandaki ya majitaka. Wengi wanamsifu kwa ukubwa wake. Mimi namsifu kwa saruji. Aina aliyotumia ilikuwa bado ngeni, basi ikapimwa na watu wake mwenyewe, sio wa mkandarasi. Mahandaki hayo yanatumika mpaka leo.

Kwetu mkubwa anakuja kukata utepe, bomba limeshafukiwa. Majitaka yanategemea mteremko jamani! Bomba likilala vibaya, masika ya kwanza chemba zinafurika na watu wanarudi kutapisha vyoo barabarani.

Kipindupindu kilichoanzia Dar Agosti 2015 kiliwapata watu zaidi ya 20,000 nchini. Sisemi kililetwa na mabomba mabovu. Wengi hata hayo mabovu hawana. Lakini shangazi yangu alikuwa mmojawapo, na mimi muuguzi mzima niko ng'ambo naelekeza kwa simu jinsi ya kumnywesha maji ya chumvi na sukari wakitafuta gari. Alipona.

Pendekezo langu: malipo ya mwisho ya mkandarasi yazuiwe mpaka masika mawili yapite, na vipimo vya kila kipande vibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Wahandisi mliopo, nisahihisheni.