Filimbi Isitambue Cheo

Katika Wilaya ya Nchelenge, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia, watu wa usalama wanaishi jirani na wavuvi, na tangu mwaka 2018 pia na wakimbizi kutoka Kongo waliopokewa katika makazi ya Mantapala. Mahali kama hapo mpira wa kikapu waweza kuwapatanisha watu wasiofahamiana. Waweza pia kuwagombanisha, endapo mwamuzi atakuwa na sheria mbili mfukoni: moja ya wenye sare, nyingine ya wasio nayo.

Ugomvi mwingi huzuka juu ya makosa mawili: kutembea na mpira, na kumvamia mlinzi. Makosa hayo si mageni. James Naismith alipoubuni mchezo huu mjini Springfield, Marekani, mwaka 1891, aliandika sheria 13. Humo alikataza mchezaji kukimbia na mpira, na kumsukuma mpinzani kwa bega. Hata hivyo alimwachia mwamuzi nafasi ya kupima, kwa kuwa aliyedaka mpira akiwa mbioni hawezi kusimama papo hapo.

Nafasi hiyo ndiyo inayohitaji elimu. Tangu Oktoba 2017, kwa sheria za FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huu, mchezaji anayedaka mpira akiwa mwendoni hahesabiwi mguu uliokuwa chini wakati anaudaka. Baada ya hapo anaruhusiwa hatua 2. Mtazamaji huhesabu 3 na kupiga kelele. Mwamuzi hana budi kutazama mguu na mkono kwa pamoja, asisikilize kelele.

Kuhusu kuvamia, la kuuliza ni nani aliyetangulia kushika mahali, wala si nani aliyeanguka. Mlinzi aliyemkabili mwenye mpira, miguu yote miwili ikiwa chini, amekwisha kupata haki ya mahali pake. Akigongwa kifuani, kosa ni la mshambuliaji. Lakini mshambuliaji akiwa amekwisha kuruka, kisha mlinzi akajitumbukiza njiani mwake, kosa ni la mlinzi.

Sasa, koplo mwenye filimbi akimwona kapteni anampiga kumbo kijana wa kijijini, kisha akageuza uso, kijana yule ataondoka akiamini kwamba mbele ya sare hakuna haki. Siku atakapokuwa na habari za wizi ziwani, hatazileta kituoni.

Wapo watakaosema kuwa nidhamu haimruhusu mdogo kumwadhibu mkubwa. Hoja hiyo haina nguvu. Uwanjani mwenye amri ni mwamuzi, na kapteni anayemtii anawafundisha askari wake utii ulio bora kuliko hotuba. Sheria ni msumeno; hukata mbele na nyuma.

Kwa hiyo tunawahimiza makamanda wawape waamuzi wao nafasi ya kujifunza sheria zilivyo sasa. Na wao wenyewe, filimbi ikilia dhidi yao, waukabidhi mpira bila neno na kurudi kulinda.